Kibodi ya Dole Gumba

Pini alijifunga vidole vinne vya mkono wa kulia kwa utepe wa kupimia nguo, akakaza fundo kwa meno, kisha akaanza kuandika kwenye simu ya mama yake kwa dole gumba peke yake.

Fundi simu alimkodolea macho kutoka upande wa pili wa kaunta. "Dada, umeuvunja mkono au unanifanyia maigizo?"

"Mkono wa mama uko hivi tangu baridi yabisi imshike. Kibodi nitakayoondoka nayo lazima niiweze nikiwa hivi. Hii ya kwanza futa. Mapicha kibao, herufi kama punje za mchele."

"Wenzako wanaipenda."

"Wenzangu wana vidole."

Alikuwa na haraka, kwa mazoea tu. Siku zote mama alimhesabia dakika kama msimamizi wa mtihani. Leo asubuhi, ajabu, alikuwa amemwambia: "Nenda taratibu. Zijaribu zote. Usiniletee takataka."

Kwa miaka miwili Pini ndiye aliyeandika meseji za mama kwenda kwa Kaka. Mama anasema, yeye anabonyeza. Kaka alikwenda kufanya kazi machimboni, mbali, akanyamaza miaka sita kama jiwe, mpaka mama akaanza kusukuma sahani ya chakula pembeni. Ndipo siku moja meseji ikaingia kwa namba ngeni: *Mama yangu mzazi, ni mimi.* Siku hiyo mama alimaliza sahani, akauliza kama sufuriani kumebaki kitu. Tangu hapo meseji hazikukosa. Kupigiana simu ndiko hakukuwezekana; huko machimboni, meseji zilisema, mtandao wa sauti haushiki.

Sasa mama alitaka kuandika mwenyewe. "Nimechoka kusemea kwa vidole vya watu," alisema. "Mama na mwanawe wana yao."

Pini hakununa. Akili yake ilikuwa kwenye nyumba. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani zake mbili, wateja wake, riziki yake yote. Hati ilikuwa na jina la mama. Miaka minane amemwogesha, amemlisha, amembeba kwenda chooni. Kila akigusia hati, mama humkata: "Sijafa bado, unataka kunirithi?" Mtetezi alikuwa mmoja tu. *Mama yangu mzazi, usimsahau dada. Nyumba hiyo mwandikie yeye.* Mama huisoma kwa sauti, macho yamemlowa.

"Unaona moyo wa kaka yako? Yuko huko shimoni, lakini anakufikiria wewe."

"Naona, mama."

Kibodi ya pili ilikuwa na herufi kubwa, nzuri, lakini ilipofunguka tu ikaleta onyo: huenda ikakusanya kila kinachoandikwa.

"Wote hubonyeza 'kubali'," fundi alisema.

"Mimi si wote. Siri ya mzee na mwanawe, kampuni inaitakia nini? Futa."

Ya tatu ilikuwa na herufi kama vigae vya sakafuni, ilibuni maneno kabla hujayamaliza, na ilifanya kazi bila intaneti, haimpelekei mtu kitu. Pini aliandika mstari mzima kwa dole gumba bila kukosea. Akafungua utepe.

"Nikuwekee na kwenye ile simu yako ndogo, niliyokubadilishia kioo?"

"Ile iache ilivyo."

Nyumbani alikuta vikombe viwili vya chai mezani.

"Nani alikuja?"

"Jirani."

Mama hakuwa akisalimiana na jirani hata mmoja, lakini Pini alikuwa na hamu ya kuonyesha alicholeta. Akamwekea simu mapajani. Mama akajaribu. Dole gumba lake likaacha doa la bluu juu ya kioo.

"Umeshika nini, mama?"

"Kalamu imenivujia. Futa, usinihoji kama polisi."

Pini alifuta kwa pindo la aproni.

"Na wewe hutaona ninachoandika?"

"Sitaona."

"Wala hiyo kampuni yao?"

"Wala kampuni. Nimeichagua kwa sababu hiyo."

Mama akasema neno ambalo Pini hakuwa amelisikia kwa miaka minane. "Ahsante."

Baada ya chakula cha mchana, mama alimfukuza kwa kidevu. "Haya, kaoshe vyombo. Kaka yako naye ana saa zake. Wewe ukizama tu jikoni, yeye huyo."

Pini aliosha sahani, akaosha sufuria. Kutoka chumbani ulisikika mlio wa kibodi: tik. Kimya. Tik, tik. Alitabasamu. Vidole vilivyoshindwa kushika kijiko vilikuwa vinaandika. Mlio uliendelea karibu saa nzima, ukakoma.

Ndani ya mfuko wa aproni, simu ndogo ikatetemeka. Pini alikausha mikono, akaitoa, akasoma:

*Mwanangu, leo naandika mwenyewe, kwa hiyo nitasema. Asubuhi nilimtuma dada yako dukani, wakili akaja, nikaweka dole gumba. Nyumba nzima ni yako, na chumba cha cherehani pia. Kila siku unamwombea yeye, hujiombei wewe. Mwenye moyo huo ndiye wa kupewa. Dada yako niko naye humu ndani miaka yote, hajawahi kunipa hata neno moja tamu kama haya yako.*