Mwavuli Uliosahauliwa Mbuchi

Mtu wa tisa naye aliusahau mwavuli.

Daktari Witlo aliweka kalamu chini, akaitazama orodha yake. Maneno kumi na tano: sindano, ng'ombe, taa, ngazi na mengineyo, na katikati yake mwavuli. Aliyasoma mwenyewe kwa Kiswahili alichojifunza kwao Uingereza, polepole, mara moja tu. Mtu wa kijiji cha Mbuchi aliyeketi mbele yake alitakiwa kuyarudisha kwa Kindengereko, maana Daktari aliamini kumbukumbu hukaa katika lugha ya mama. Kisha mkalimani, Abdurahmani, huyatia katika Kiswahili. Tangu asubuhi wameingia watu tisa, na wote tisa wamepata kumi na manne.

"Una hakika hakuutaja?"

"Angeutaja ningekuambia, bwana," Abdurahmani alisema, akifuta jasho.

Wataalamu wengine, Daktari alieleza, hutazama tu mtu anafanya nini. Yeye, katika mwaka huu wa 1958, alitaka kujua ndani ya kichwa mna nini: neno linaingilia wapi, linawekwa rafu gani, linatolewaje. "Na hapa," alisema akigonga meza, "kuna rafu moja haipo."

Abdurahmani aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelijua hilo zamani. Alikuwa na lake moyoni. Akimpendeza Daktari, ataandikiwa barua ya kumfanya mkalimani wa kudumu bomani. Asipoandikiwa, atarudi Kibiti kupima mchele katika duka la mjomba wake, aliyemwita kutoka Pangani mwaka jana tu. Na baba yake Zainab, msichana aliyetaka kumwoa, alikwisha kusema binti yake haolewi na mpima mchele. Ndiyo sababu alikuja na kanzu nzuri ya kuazima, ingawa ilimbana. Ndiyo sababu pia aliishika kwa ukali amri ya Daktari: nje ya chumba, mkalimani asiseme na mtu wala mtu asiseme naye. Hutoka mlangoni, huita jina, hugeuka, hutangulia ndani kifua mbele.

Aliingia Kibwana, mkata boriti. Aliyasikiliza maneno, akamtazama Abdurahmani kwa huruma, akasema sentensi moja fupi na kuziba mdomo kwa kiganja.

Abdurahmani alifumba macho. "Sindano, ng'ombe, taa, ngazi..." Akafika kumi na manne.

"Yote hayo kwa pumzi moja?"

"Kindengereko ni lugha ya mkato, bwana."

Akaja Bi Mashavu. Huyu alisema kwa kirefu, akinyoosha kidole, akivutavuta kanga yake kwa nyuma. Akarudia mara ya pili, polepole, kama anamfundisha mtoto.

"Na huyu?"

"Yaleyale, bwana. Ila ana mbwembwe."

Alasiri, mtu wa ishirini alipotoka, Daktari alikuwa amejaza daftari. Aligundua kwamba watu waishio chini ya mikoko, wenye kivuli cha bure, akili zao hazina mahali pa kuweka mwavuli. Aliandika barua ya bomani palepale, akaisoma kwa sauti: hajapata kuona mkalimani mwepesi namna hii. Akampa mkono, akashuka kwenye mtumbwi kabla maji hayajakupwa.

Abdurahmani alibaki kwenye gogo la gati, barua mkononi, akiupungia mtumbwi mpaka ukapotea kwenye kona ya mkondo. Amri ilikuwa imekwisha. Bi Mashavu alimjia kwa nyuma, akavua kanga yake ya juu, akamfunga kiunoni bila kumwomba ruhusa.

"Baba, tangu asubuhi watu ishirini tunakwambia, na kwa Kindengereko ili mgeni asisikie, kwamba kanzu yako imepasuka nyuma," alisema kwa Kiswahili. "Na wewe kila mtu unamjibu sindano, ng'ombe, taa."