Mbuzi wa Gatluak

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Jelagat, mwezi wa nane mwaka huu, siku aliyofika kutoka Kakuma na kukataa chai. Alisimulia mara moja. Sijamwomba arudie.

Mwanamke aliyeketi naye dawati moja chuoni kwao Lodwar alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Jina lake Nyaruach, Mnuer wa Sudan Kusini, mkimbizi wa kambi ya Kakuma. Alianza chuo kikuu kwao akiwa msichana, vita vikamtoa kabla ya mtihani wa kwanza. Sasa alikuwa amerudi, na somo alilochagua ni uandishi.

"Mathe, umesindikiza mjukuu?" vijana walimtania siku ya kwanza.

"Mjukuu yuko nyumbani, anasoma vizuri," akasema. "Mimi ndio nimerudia darasa."

Wakacheka, wakamsogezea kiti.

Wiki ya pili mwalimu wao, Bwana Opondo, aliwaambia waandike juu ya mtu asiyewatoka moyoni. Nyaruach akaandika juu ya mumewe, Gatluak, kisha akasimama akasoma.

Gatluak alitoka kutafuta ng'ombe wake vita vilipoanza tena, hakuonekana tena. Walimngoja miaka saba. Mwishowe wazee wa ukoo wakasema inatosha. Kwao, mtu akipotea hivyo, huchinjiwa mnyama ili aliyepotea atenganishwe na walio hai, asije akawafuata. Kambini hawana ng'ombe, basi wakanunua mbuzi kwa Waturkana. Nyaruach akanyolewa nywele. Mbuzi akachinjwa.

Baada ya miezi minne, Gatluak akaja.

"Anakuja mchana," Nyaruach alisoma. "Anakaa nje ya ua wa miiba, anatazama mlango. Namwekea chakula, narudi ndani. Nikitoka, sahani ni tupu. Hakuna anayemsalimia. Watoto wamefundishwa kupita bila kumtazama."

Ilikuwa saa saba, mabati yanalia kwa joto. Jelagat anasema alitamani sweta.

"Mama, hii ni kazi nzuri," Bwana Opondo alisema polepole. "Lakini huyo mzimu anataka nini?"

"Anataka kuingia ndani."

"Na wewe?"

"Nataka wazee wamfungulie. Nikiwaambia kwa mdomo, nalia. Wakiona nalia, wanasema ni ujane, utapita. Karatasi hailii, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Muhula wote hakuandika kingine. Wenzake waliandika mapenzi, siasa, ukame. Yeye alimwandika Gatluak, akafuta, akamwandika tena, mara kumi na moja. Jelagat alimsaidia kunakili. Kila walipofika pale penye sahani, kalamu ya Jelagat ilikuwa nzito.

"Humwogopi, Mama Nyaruach?"

"Naogopa siku asiyokuja."

Chuo kilipofunga, alimwomba Jelagat wafuatane mpaka Kakuma. Siku ya kusomea wazee alitaka awe na mtu wa darasani karibu, asije akatetemeka. Jelagat hakutaka. Akaenda kwa aibu ya kukataa.

Jumapili, baada ya kanisa, wazee walikusanyika kwa Bichiok, kaka mkubwa wa Gatluak. Ndiye msemaji wa ukoo. Mbuzi yule alichinjwa kwa neno lake. Nyaruach alivaa miwani akasoma kwa Kinuer, kurasa tisa, bila kukohoa. Jelagat hakuelewa neno, ila aliona wanawake wakifunika nyuso zao kwa shuka, mmoja baada ya mwingine. Bichiok mwenyewe alitoa leso.

Kisha akaikunja leso. Bichiok akasema kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni.

"Mke ya ndugu yangu, umeandika muzuri. Mimi nimelia mbele ya watoto, na hiyo si kawaida yangu. Lakini mbuzi ilichinjwa. Maneno hairudishi mbuzi."

"Basi chinjeni nyingine!" Nyaruach akasema.

"Mbuzi ya kufungia mtu nje tunayo, baba zetu walituachia. Ya kufungua hawakutuachia. Mimi nitaitoa wapi?"

Wazee wengine walitazama chini. Wakanyanyuka, wakachukua fimbo zao.

Nyaruach alikunja karatasi zake vizuri, kona kwa kona. Aliingia jikoni, akapakua ugali na maharagwe, akaja na sahani mbele ya Jelagat.

"Mpelekee wewe. Mimi siruhusiwi kumsemesha, na leo nikimwona sitaweza kunyamaza."

"Mama, mimi..."

"Weka chini, urudi."

Jelagat alipita uani ameshika sahani kwa mikono miwili. Akazunguka ua wa miiba. Mgongo ulikuwa pale, mwembamba, na shati la bluu lililopauka. Akainama kuweka sahani mchangani, macho ameyafumba, akisali sala ya utotoni ambayo nilimfundisha mimi.

Mkono ukaipokea sahani kabla haijafika chini. Vidole viligusa vyake. Vilikuwa vya moto, vina jasho.

"Asante, binti. Nimesikia, wamekataa." Mzee alikohoa, akavuta sahani karibu. "Siku waliyonifungulia gereza nilianza kutembea siku hiyohiyo. Nilichelewa miezi minne tu."

Alikula yote. Akajilaza kwenye kivuli cha ua wa nyumba yake mwenyewe, akafunika uso kwa mkono. Jelagat akamwambia, "Lala salama, baba," na mzee akatikisika mabega kwa muda, kisha akaanza kukoroma.