Mwenye Ua Haendi Kuzika

Saa za alasiri, ua wowote ambao mwenye nyumba hayumo unageuzwa kiwanja cha padel, ule mchezo wa raketi wa kupiga mpira hadi ukutani, na haurudi tena kwa mwenyewe. Ndiyo sheria ya jiji. Kamera ya mtaa haijali mke wala dada. Inataka uso wa mwenye nyumba mwenyewe.

Tangu alfajiri, mama yake alipofariki, mwenye nyumba alikuwa Kitwana. Mfumo ulihamisha jina kabla maiti haijaoshwa.

Sasa jeneza lilikuwa linatoka, naye amekaa kwenye kiti katikati ya ua, amekunja ngumi. Getini walisimama vijana wanne na raketi zao. Simu zao ziliwaambia kuna msiba hapa, huenda ua ukabaki wazi.

"Mjomba, nenda kazike," mmoja alisema. "Sisi tutakulindia ua."

"Mkome! Mama yangu hajafika kaburini, mnapima ukuta wangu?"

"Tumetoka Kibaha, mjomba. Mjini kote viwanja vimejaa."

Hamdani, mume wa dada yake, alirudi mbio kutoka kwenye msafara wa maziko. "Shemeji, wanauliza nani atashuka kaburini kumpokea."

Kitwana aliutazama ua: jiko, kamba ya nguo, choo. Ndani vyumba viwili tu. Maisha ya watu wanane yalikuwa humu uani.

"Shuka wewe," alisema, bila kuwaondolea macho wale vijana.

Magharibi vijana waliondoka wakitukana. Ua ulibaki. Kitwana hakumbeba mama yake, hakumpokea kaburini, hakumtilia hata konzi moja ya udongo.