Boga la Mpakani

Haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje.

Bi Sikudhani na mumewe, Chambuso, waliigawa bustani yao kwa kamba: upande wa mke samadi ya mbuzi, upande wa mume mbolea ya dukani. Atakayevuna boga kubwa zaidi ndiye atakayeamua shamba zima liwekwe nini mvua ikianza.

Likatokea boga moja tu, juu ya mpaka wenyewe, kubwa mpaka kuku saba wakalala kivulini mwake. Haya, wanne.

"Shina liko kwangu, mzee. Shika toroli ukazoe samadi."

"Lifuate tawi kwanza, bibie."

Akalifuata kwa vidole. Lilikuwa limevuka kamba, likarudi, likavuka tena, na kila kifundo kilichogusa udongo kilikuwa kimeota mizizi.

"Sasa boga limekula kwa nani?" akauliza mke.

"Unaniuliza mimi?"

Tone la kwanza la mvua likalipiga boga. Bi Sikudhani alisimama, mguu mmoja huku na mmoja kule, samadi kiganja hiki, mbolea kiganja kile, na vyote viwili vikaanza kulowa.