Mgomba Jenezani

Mtani alikuja msibani amevaa koti la marehemu, na hakuna aliyeshangaa. Ndiyo kazi ya mtani: avae nguo za aliyekufa, ajipake majivu na unga uso mzima, amwigize mpaka kilio kigeuke kicheko. Hakuna anayemuuliza katoka wapi. Upande wa mume walidhani kaitwa na upande wa mke, upande wa mke walidhani kaitwa na upande wa mume, na wote walidhani koti kapewa na mjane.

Mjane mwenyewe, Imelda, hakuliona hilo koti. Alikuwa ndani, kwenye mkeka, kanga imemfunika hadi machoni, na mlangoni alisimama Afande Nsajigwa.

"Tukishazika tu, mama, tunaongozana kituoni," afande alimwambia kwa upole, kama anayemkaribisha chai.

Mumewe, Osea, alikuwa mwigizaji wa runinga, mtoto wa hapo hapo Mlowo. Alicheza majambazi, na majambazi hawadumu. Alishakufa kwa risasi, kwa sumu, na mara moja kwa kugongwa na lori kule Tunduma. Wakitazama pamoja nyumbani, Imelda alikuwa akimtania: "Baba Mercy, maiti gani hiyo inachungulia kamera? Jicho moja liko wazi!" Osea alikuwa akinuna siku nzima.

Mwaka huu hakuna mwongozaji aliyempigia simu. Kisha gari lake likakutwa kwenye daraja la Mto Momba, mlango wazi, kiti kimelowa damu. Mwili haukuonekana. Hapo ndipo watu wote wakakumbuka kwamba walikuwa wanampenda. Wale wale walioacha kumpigia simu walikuja na magari na maua, wakalia mbele ya kamera, na aliyelia vibaya akaomba arudie.

Wazee waliamua kuzika shina la mgomba badala ya mwili, kama ilivyo kwa mtu aliyepotelea majini. Mchungaji alisita kuombea mgomba. Alipoambiwa ibada itarushwa moja kwa moja, akasema Mungu huangalia moyo.

Likabaki suala la muuaji, nalo mama mkwe, Bibi Enesi, alikuwa ameshalimaliza.

"Ni huyu huyu. Mwanamke gani hazimii kwenye msiba wa mumewe?"

Funguo za nyumba alikwishazifunga kwenye pindo la kanga yake, na Mercy, binti wa Imelda, alikwishaambiwa atahamia kwa bibi.

Nje, mtani alikuwa amepamba moto.

"Mke wangu kaniua mimi!" alinguruma kwa sauti nzito ya kujilazimisha. "Kanipikia maharage, nikatapika mpaka Zambia!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Afande hakucheka. Alimgeukia Imelda.

"Hayo maharage ulipika siku gani?"

Wanawake wawili waliokuwa wakimenya viazi hawakuridhika.

"Anamwigiza vibaya," mmoja alinong'ona. "Osea alikuwa mrefu."

"Halafu alikuwa na sura," mwenzake akaongeza.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, nyuma ya mibuni, mtani aliruka ndani ya shimo, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Hatoki mpaka akombolewe. Hiyo nayo ni desturi.

"Mama Mercy aje amkomboe mtani wake, tuzike!" wazee wakaita.

Imelda akatolewa ndani, jogoo mkononi, afande nyuma yake. Alipiga magoti ukingoni mwa kaburi, akainama kumkabidhi mtani haki yake. Akabaki ameinama hivyo hivyo kitambo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sasa ndiyo analia," Bibi Enesi akasema. "Ameona kamera imefika."

Imelda akainuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Afande, hili koti ndilo alilotoka nalo mume wangu siku aliyopotea. Mimi sijampa mtu nguo yoyote. Angalia mkono wa kushoto, lina damu."

Watu wakasogea ukingoni, wakachungulia mkono wa koti. Halafu Afande Nsajigwa akaruka ndani ya kaburi, kwa namna aliyojua itapendeza kwenye taarifa ya habari.

"Afande, mimi ndiye Osea!" mtani alipiga kelele, pingu zinambana. Ule mngurumo ulikuwa umemwisha, sauti imekauka kwa kutwa nzima ya kupayuka. "Sijafa! Ni mimi mwenyewe!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Hiyo ilishinda kali zote alizotoa tangu asubuhi. Mchungaji alilazimika kushikilia jeneza ili asianguke. Bibi Enesi, ambaye macho yake yalikwishaingia ukungu, alitema mate pembeni.

"Muuaji, na bado anatutania! Mwanangu hakuwa na sauti ya mbuzi."

"Mama Mercy, waambie!"

"Unamfahamu huyu, mama?" afande akauliza.

Imelda alitazama lile fundo la funguo kwenye kanga ya mama mkwe. Akamtazama Mercy, aliyeshika mkoba wa nguo zake tayari kwa safari.

"Simfahamu."

Bibi Enesi akainamisha kichwa. Vidole vyake vikaanza kulifungua lile fundo, polepole.

Mtani akapandishwa kwenye gari la polisi. Kabla mlango haujafungwa, Imelda alisogea, akamkung'uta udongo kwenye kola ya koti, akamwambia kwa sauti ndogo aliyoisikia yeye peke yake:

"Baba Mercy, siku nyingine ukifa, fumba yote mawili."