Zamu ya Kitonga

"Huyu mbuzi haendi," alisema Kaluki, akijizungushia kamba mkononi mara ya pili.

Githaiga alifunga kalamu. Ilikuwa wiki yake ya kwanza Kambu, na siku ya kwanza kusimamia makabidhiano. Kanuni ya mradi ilikuwa nyepesi: aliyeacha kuchimba mchanga mtoni anapewa mbuzi jike, mbuzi akizaa, mtoto jike wa kwanza anaenda kwa anayefuata kwenye orodha. Aliyefuata ni Kitonga, kijana wa miraba minne, aliyesimama hapo na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Mama, zamu ni yake. Amesubiri mwaka mzima."

"Asubiri mwingine. Hajaacha mto."

"Umejuaje?"

"Mifuko ya suruali zake. Imejaa mchanga mbichi."

Githaiga akacheka. "Kwani wewe ndiwe unamfulia?"

Alitarajia watu wacheke naye. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti Kyule alikohoa, akainama kukagua kwato za mbuzi.

Basi ni roho mbaya tu, Githaiga aliwaza. Walimwonya kwenye mafunzo: hakosekani mmoja wa kupata, kisha afunge mlango nyuma yake.

"Mama, ukikataa tunachukua wote wawili. Mkubwa na mdogo."

Kaluki alimtazama mbuzi mkubwa. Maziwa yake ndiyo yaliyomtoa mtoni. Akainua kidevu.

"Chukueni! Nimechimba mchanga miaka kumi na moja, mikono bado ninayo. Lakini simkabidhi mtu mbuzi wa kuacha mto, halafu alfajiri nibishiwe hodi niambiwe ukingo umemfunika, kama ulivyomfunika mume wa Muthoki."

Akamtupia Githaiga kamba zote mbili kifuani.

Githaiga alizishika, asijue azipeleke wapi. Akamgeukia kijana.

"Kitonga, uliingia mtoni?"

Kitonga alikwaruza ardhi kwa kiatu. "Nilijaza malori matatu tu," alisema. "Matatu pekee, bwana."

Watu wakaguna. Githaiga alikata jina lake kwenye orodha. Lililofuata lilikuwa la Muthoki. Akampa yule mbuzi mdogo, na mkubwa akamrudishia Kaluki bila kumtazama usoni.

"Umeniaibisha mbele ya watu wote!" Kitonga alifoka.

"Ndiyo. Rudi huko tena, uone kama sitakuaibisha kanisani."

Hapo watu wakacheka. Kitonga alivuta kofia hadi machoni, akashika njia.

Ndipo sauti ya Kaluki, iliyokuwa imara asubuhi nzima, ilipotetemeka.

"Kitonga! Usipitie mtoni. Chakula chako nimekifunika jikoni, na baba yako hajala, anakungoja."