Doa la Wanja

Mara tatu kabla ya kuvuka barabara, Sivagami aliinama kuangalia kama doa la wanja bado lipo shavuni mwa Kayal. Lilikuwepo, jeusi, la ukubwa wa punje ya pilipili manga.

"Mami, wenzangu wananicheka. Hili la kuzuia kijicho ni la watoto wachanga."

"Wacheke, meno yao yatakauka kwa upepo."

Kayal alisema Mami, neno la shuleni. Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyekuwa akimwita Amma.

Asingemleta kama si mwalimu. Kila mwanafunzi aende jumba la picha la manispaa, achague picha moja, aandike mistari kumi. Sivagami alikuwa akilipita jumba lile kwa upande wa pili wa barabara tangu lilipofunguliwa, maana alishaambiwa nani katundikwa ndani.

Mlangoni walivua viatu. Kayal alivipanga vyake vya shule ukutani, akaingia na daftari, na katika picha zote zile akaenda moja kwa moja kwenye ile.

Thamarai. Sketi ya manjano, miguu mitupu mchangani, mkono mmoja kaunyoosha kama anayetaka kushikwa. Mchoraji alimchora pwani asubuhi ile ile ya mwisho. Sivagami, mama yake, alikuwa anauwahi mnada wa samaki. Akamchana nywele, akamtoa nje, wanja akasahau. Siku moja tu. Wanawake pwani wakamsifu mtoto uzuri, mmoja baada ya mwingine, kwa midomo yenye kicheko. Adhuhuri maji yakamchukua, na hayakumrudisha. Alikuwa na miaka minane, kama mdogo wake sasa.

Na mchoraji huchora anachokiona. Shavu lilikuwa tupu.

"Kila anayeingia anasema mtoto mzuri huyo," alisema Arokiam, mlinzi wa jumba, akijikuna kitambi. "Shida yake mchanga. Kila asubuhi naufagia hapo chini yake, na madirisha tunayafunga. Mke wangu anasema nauleta mwenyewe mfukoni, nionekane nina kazi."

Sivagami hakucheka. Alilosikia ni moja: kila anayeingia anamsifu. Miaka tisa ya macho ya watu juu ya shavu tupu. Akapapasa kibeti chake. Kikopo cha wanja kilikuwa nyumbani.

Basi akamgeukia Kayal, aliyekuwa kainamia daftari. Akalikandamiza lile doa kwa kidole gumba, likang'oka lote.

"Afadhali," Kayal alisema, akijipangusa.

Sivagami akajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu, akalibandika shavuni mwa Thamarai.

Arokiam aliinuka kwenye stuli akafoka kwamba picha haishikwi, yeye mwenyewe miaka yote hajathubutu kuigusa hata kwa kitambaa. Halafu akamtazama usoni, akapunguza sauti.

"Dada, huyu ni nani wako?"

Sivagami aliipa picha mgongo, akamweleza, na kueleza kukamliza. Mzee wa watu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema doa hatalifuta, na wakubwa wakiuliza atasema ni kinyesi cha nzi.

Machozi yakiwa bado yamemziba macho, Sivagami akanyoosha mkono nyuma yake, kama mama yeyote anavyofanya bila kugeuka. Mkono mdogo ukaushika. Wakatoka.

Barabarani aliona kifua chake chepesi, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Hata akawaza kununua dengu za nazi, wazile wakitembea. Kiganja alichokishika kilikuwa baridi. Akakibana zaidi.

"Dada," Arokiam aliita kutoka mlangoni. Alikuwa kainua viatu vya shule. "Mtoto kaacha viatu, na daftari lake liko mchangani, chini ya picha."

Sivagami akatazama chini. Miguu mitupu, yenye mchanga mbichi. Upindo wa manjano. Akapandisha macho polepole mpaka shavuni, na doa lilikuwepo, jeusi, la ukubwa wa punje ya pilipili manga.

"Amma," mtoto alisema, "leo hukusahau."